Redio, Kibanda na Sebule: Mpira Ulivyoingia Katika Nyumba Zetu



Kila Taifa Stars wanapoingia mashindano makubwa, maharusi wetu waliokwenda kuishi bara huuliza swali lile lile. Nyumba itaendaje mwezi mzima, mume yuko kwenye mpira, watoto wana mazoezi yao, na chakula, usafi na sala za watoto vyote vinamsubiri mama? Swali hili si la leo. Bibi zetu walilijibu kwa namna yao, na nimeona nilipitie kwa kuangalia mtaa kama Levolosi pale Arusha, karibu na soko la Kilombero, ambako Waislamu wa makabila mbalimbali wanaishi pamoja na majirani wa dini nyingine, na habari ya mpira haina ukuta.

Tuanze na 1980. Tanzania ilifuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Mataifa ya Afrika baada ya kuitoa Zambia Agosti 1979, mwezi ule ule ambao Ramadhani ya mwaka ule ilimalizika. Dar es Salaam tulishinda 1-0, kule Ndola tukatoka 1-1, na bao la Peter Tino lingali linasimuliwa mpaka leo na wazee ambao wengi wao hawakuliona. Waliliona vipi? Televisheni ilikuwa kwetu Zanzibar tu, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara walisubiri mpaka 1994. Kwa hiyo Machi 1980, Stars walipofungwa 3-1 na Nigeria na 2-1 na Misri, kisha wakatoka 1-1 na Ivory Coast kule Lagos, mwenyeji wa Arusha alikuwa na Redio Tanzania Dar es Salaam na masikio yake.

Hapa pana jambo ambalo historia za mpira hupita juu juu. Redio ilikaa nyumbani. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye vita vya Uganda, bidhaa madukani zilikuwa adimu, na betri zilianikwa juani ili zirudishe nguvu kidogo. Nani alizianika? Mara nyingi ni mama wa nyumba, huyo huyo aliyeanika mchele na nguo. Redio ikiwekwa barazani au dirishani, anayekaanga maandazi uani husikia sawa na aliyekaa kwenye mkeka. Mume, watoto, jirani na bi mkubwa waliusikia mpira mmoja kwa wakati mmoja, na muadhini akiadhini sauti ilipunguzwa. Sisemi zama zile zilikuwa njema kuliko zetu, maana foleni za sukari hakuna anayezitamani. Lakini mpira haukumtoa baba nje ya nyumba.

Picha ndiyo iliyomtoa. Televisheni zilipofika bara zilikuwa ghali, na vikazaliwa vibanda umiza: chumba kimoja, mabenchi, kiingilio kidogo, joto na kelele. Kibanda hakikuwa mahali pa mwanamke anayejiheshimu, na hakuna aliyehitaji kumwambia. Baba akaenda, mtoto wa kiume wa miaka 10 akamfuata, mama akabaki na sahani zilizofunikwa. Ugomvi mwingi wa mpira ninaousikia kwa wanandoa si ugomvi wa mpira hata kidogo. Ni wa ile sahani iliyopoa.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuwa Ramadhani ya 2014, Kombe la Dunia likichezwa Brazil. Mechi za hatua ya mtoano kwa saa zetu zilianza saa 1 usiku, futari ikiwa bado mezani, na nyingine saa 5 usiku, baada ya tarawehe. Usiku wa Juni 30, Algeria walicheza na Ujerumani. Waislamu wengi waliwashangilia Algeria, mechi ikaenda dakika 120, Ujerumani wakashinda 2-1 na saa ilikuwa imepita 7 na nusu. Daku ni saa 10. Mpishi wa daku alilala saa ngapi? Kuna nyumba zilizopanga vizuri: tarawehe kwanza, mechi moja kwa usiku, na anayekesha ndiye anayepasha daku. Kuna nyumba zilizoacha tarawehe kabisa kwa ajili ya mpira, na hapo, dada yangu, sina la kupamba.

Wengine watasema dini haina nafasi ya haya. Tukumbuke Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim: Wahabeshi walicheza na mikuki msikitini, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alimsimamia Bibi Aisha akiwa nyuma yake akitazama, mpaka Bibi Aisha mwenyewe akatosheka. Hakumharakisha. Biharusi anayejiandaa kwa ndoa anaweza kuizungumza Hadithi hii na mchumba wake kupitia walii kabla hata ya kuzungumzia fenicha. Aulize tu: mechi tutaangalia wapi?

Kisha wapo watoto, na kwao wiki ya Levolosi ni nyembamba. Shule, kisha madrasa, kisha mazoezi ya jioni ambayo huangukia baina ya Alasiri na Magharibi. Mama ndiye anayefua jezi na kutafuta njumu za mtumba. Ukipatana na mwalimu wa madrasa na kocha mapema, wote wawili husikiliza. Ukisubiri mtoto achague mwenyewe, atachagua mpira.

Na mtoto huyo siku hizi anaweza kuwa wa kike. FIFA ilizuia hijabu uwanjani 2007, wachezaji wa Iran wakazuiwa kucheza mechi ya kufuzu Olimpiki 2011, na ruhusa kamili ikaja Machi 2014. Mwaka 2023 Nouhaila Benzina wa Morocco akacheza Kombe la Dunia na hijabu yake. Mwaka mmoja kabla, Serengeti Girls wetu walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India, wakiwafunga Ufaransa 2-1 njiani. Kisingizio cha vazi kimeondoka. Kilichobaki ni stara ya mahali pa mazoezi na nani anamrudisha nyumbani, na hayo ni ya wazazi kuyasimamia.

Stars walirudi AFCON 2019 baada ya miaka 39. CAF ilisogeza tarehe za mwaka ule kwa ajili ya Ramadhani, na mechi yetu na Kenya, tuliyofungwa 3-2, ilianza saa 5 usiku. Ile ya Ivory Coast ilianza Januari 2024, mwezi wa ada na sare mpya za shule. Ile ya Morocco ikaanza Desemba 2025, watoto wako likizo.

Mwaka 2027 AFCON inakuja Tanzania, Kenya na Uganda, na Arusha imejengewa uwanja wa watu 30,000 kule Olmoti, wenye jina la Rais Samia, Mzanzibari mwenzetu. Mpaka sasa mji ulitegemea uwanja wa Sheikh Amri Abeid, sheikh na mshairi aliyeandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Safari hii wageni watalala Levolosi na mitaa ya jirani: mashemeji, wajomba, marafiki wa mume. Mikeka na sufuria kubwa zianze kuhesabiwa mapema, na anayealika wageni aseme kabisa nani atapika.