Mshuko wa Raga

Muziki wa raga, yaani mifumo ya Kihindi ya kupanga sauti za wimbo, si mgeni Nairobi. Familia kutoka Bara Hindi zilizofika wakati wa ujenzi wa reli, kati ya 1896 na 1901, na baada yake, zilikuja na nyimbo zao, na hadi leo katika gurdwara, mahekalu ya Masingasinga, za jiji waumini huimba kwa harmoniamu na tabla. Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Masingasinga, kina tenzi zilizopangwa kwa raga 31. Anayetaka kuueleza muziki huu kwa Kiswahili hukutana mapema na neno avaroha.

Avaroha ni njia ambayo sauti za raga hufuata zikishuka. Mwenzake, aroha, ni njia ya kupanda. Aliyejifunza piano atasema upesi, "Basi ni skeli ya kushuka." Hajakosea sana, maana anaijua ile skeli ya maina ambayo sauti ya sita na ya saba huinuliwa wakati wa kupanda, kisha hurudishwa chini wakati wa kushuka. Lakini skeli ni orodha ya sauti, ilhali avaroha ni mwenendo.

Sauti saba za muziki huu huitwa Sa, Re, Ga, Ma, Pa, Dha na Ni. Tazama raga Bhimpalasi. Ikipanda hupita Ni, Sa, Ga, Ma, Pa, Ni, Sa; Re na Dha zinarukwa. Ikishuka, zote saba zinaingia: Sa, Ni, Dha, Pa, Ma, Ga, Re, Sa. Mwimbaji akipanda kwa kutulia kwenye Re, msikilizaji mzoefu ataona raga imevurugika, ingawa Re ni sauti halali ya raga hiyohiyo. Darbari Kanada ina mshuko wa ajabu zaidi: kutoka Sa ya juu huteremka hadi Dha, hurudi kidogo kwenye Ni, ndipo ikaangukia Pa. Hapo ndipo msikilizaji huitambua.

Kwa hiyo, katika kutafsiri avaroha, sipendi "mteremko", neno la mlima, lenye kuelekea chini moja kwa moja. "Mtelezo" ninauhifadhi kwa meend, ule mvuto wa sauti moja kuingia nyingine bila kukatika. Nachagua mshuko, wingi mishuko. Pwani neno hili pia hutaja wakati watu wanapotoka msikitini, kama mshuko wa Ijumaa, na maana hiyo haiingiliani na ya muziki. Ule unaorudi nyuma kama wa Darbari Kanada, ambao Wahindi huuita vakra, uitwe mshuko uliopinda.

Wala masikio yetu si mageni kwa mishuko hii. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa aliimba taarabu kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, na mashabiki wake waliishika mipindo yake ya sauti bila kufundishwa jina lolote.