Kabla Hujawinda Bata

Mwezi uliopita vijana wawili walifika kwangu hapa Nakivale. Walikuwa wamesikia kwamba niliwahi kuwinda bata kule mashariki, upande wa Mbale, wakataka niwafundishe. Mgao umepungua, ziwa liko karibu, na bata wanaonekana kwa macho kila asubuhi. "Mzee, tuanzie wapi?" wakauliza. Niliwaambia warudi kesho yake. Ukweli ni kwamba sijawahi kuwinda bata hata mmoja. Niliokota wawili tu, na hao wawili nusura waniulie mtoto.

Nawaandikia hao vijana, na wengine wanaowaza kama wao. Nawaandikia pia ndugu zetu wa mashirika wanaokuja kutufundisha habari za mazingira.

Mimi ni mtu wa Uvira. Baada ya kukaa kambini muda, nilikwenda Jinja kutafuta kazi ya kiwandani. Kazi hakuna. Mwenzangu mmoja akaniambia kule kwenye mpunga wanatafuta watu. Basi nikapanda taxi na mke na mtoto, tukapita Iganga, tukashika barabara ya Tirinyi kwenda Mbale. Ukifika pale barabara inapokata kinamasi cha Mpologoma, unaona mafunjo kulia na kushoto mpaka macho yanachoka. Mpologoma maana yake simba. Mto huo unakusanya maji ya Manafwa na Namatala yanayoshuka kutoka Mlima Elgon, unayapeleka mpaka Ziwa Kyoga. Pembeni yake zamani palikuwa kinamasi kitupu. Leo sehemu kubwa ni mpunga.

Kazi niliyopewa ilikuwa kuamia ndege. Mchana unafukuza ndege wadogo, unapiga debe, unarusha tope. Usiku wanakuja bata wa miluzi, wale wenye uso mweupe. Huwaoni, unawasikia tu: mluzi wa sauti tatu unapita juu ya kichwa, halafu kimya, halafu wako ndani ya mpunga wa bosi wako.

Shamba la jirani lilikuwa na mlinzi mzee sana. Kiswahili chake alikipata ujanani akifanya kazi Jinja, Kiswahili cha kiwandani, kifupi na cha amri. Usiku wa kwanza nilimwambia nataka kujifunza kuwinda hawa bata badala ya kuwafukuza tu. Akacheka. "Mwanangu, mimi niliwinda bata kabla baba yako hajazaliwa. Lakini sikuwa mwindaji. Nilikuwa mbwa."

Akaeleza. Alipokuwa mtoto, kabla ya uhuru wa 1962, mabwana walikuwa wanatoka mjini siku za Jumapili na bunduki za marisau. Yeye na wenzake walikuwa wanaingia majini kuokota ndege walioanguka. Malipo yalikuwa senti chache, na siku nzuri, bata mmoja. Kutokana na kazi hiyo alijua mambo yote. Bata anaruka na kutua akielekeza uso kwenye upepo, kwa hiyo ukijua upepo unajua atapita wapi. Anakwenda kula magharibi na kurudi alfajiri. Bata akiangukia ndani ya mafunjo amepotea, hata mtoto mwepesi hampati, kwa hiyo anayepiga juu ya mafunjo anaua bure. Kuna bata wa hapa hapa, kama wale wenye nundu juu ya mdomo, na kuna wageni wanaofika kuanzia kama Oktoba wakikimbia baridi ya Ulaya na Asia, halafu wanarudi kwao kabla ya masika kwisha.

"Na baba yako?" nikamuuliza. "Yeye hakuwinda?"

Akakaa kimya kidogo. "Baba alitega kitanzi. Akafungwa."

Sikuelewa. Mtoto analipwa kuokota ndege wa bwana, baba anafungwa kwa ndege wa namna ile ile, kwenye maji yale yale? Mzee akasema, ndiyo, bwana alikuwa na karatasi.

Ningelitafakari neno hilo vizuri nisingefanya nilichofanya wiki mbili baadaye. Asubuhi moja nilikuta bata wawili kwenye ukingo wa shamba. Mmoja amekufa, mwingine anatetemeka, shingo imelegea. Hakuna damu wala jeraha. Mzee alikuwa ameshaondoka kwenda kulala. Nikasema Mungu amenikumbuka. Nikamchinja yule aliye hai, nikawapeleka wote wawili nyumbani kama mwindaji kweli. Mke wangu alifurahi, tukala na posho.

Kabla jua halijazama binti yetu alianza kutoka mate bila kukoma. Jasho, kutapika, macho yamebadilika, mboni zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini. Mimi na mke wangu tumbo lilikuwa linatukata, lakini yeye alikuwa na miaka minne tu. Bodaboda ilitupeleka kituo cha afya. Muuguzi aliuliza swali moja tu: "Mmekula nini?" Nilipotaja bata waliookotwa, alijua. Mtu fulani alikuwa ameweka dawa ya wadudu ili kuua ndege wa mpunga, au kuwauza. Binti alipona. Leo anasoma darasa la sita.

Mzee aliposikia, hakunihurumia. "Bata aliyekufa bila jeraha si windo," alisema. "Ni mzoga wa mtu mwingine."

Baadaye nilijua kwamba si sisi tu. Ng'ambo ya mpaka, kwenye mpunga wa Bunyala nchini Kenya, watafiti wa ndege wameandika jinsi watu wanavyotumia dawa iitwayo carbofuran kuua bata, njiwa na korongo, kisha nyama inauzwa. Usitegemee moto wa jikoni kuiondoa dawa hiyo.

Lakini neno la mzee kuhusu karatasi lilinikaa kichwani. Niliporudi Jinja nikaanza kusoma, kidogo kwenye simu, kidogo kwa vitabu vya kuazima. Nilitaka kujua ni lini bata wa Mpologoma alipata mwenyewe.

Mwaka 1900 mataifa ya Ulaya yenye makoloni Afrika yalikutana London yakasaini mkataba wa kulinda wanyama, ndege na samaki wa bara hili. Hakuna Mwafrika aliyeulizwa. Mwaka huo huo Mkataba wa Buganda uliweka kodi ya nyumba rupia 3, na kodi ya bunduki rupia 3. Upande wa mashariki, Semei Kakungulu alikuwa anaingia na askari wake wenye bunduki, akakaa Budaka, kisha akajenga Mbale. Wenyeji wakafanyishwa kazi ya barabara na matuta ya kuvukia vinamasi. Ukipita juu ya kinamasi leo kwa taxi, kumbuka njia za kwanza zilibebwa na mikono ya watu wasio na bunduki.

Halafu kuna Frederick Jackson. Huyu alifika Elgon mwaka 1890 akiwa mtu wa kampuni ya Waingereza, na kuanzia 1911 akawa gavana wa Uganda. Alipenda ndege kweli. Mwaka 1926 kilitoka kitabu chake kuhusu ndege wa kuwindwa wa Kenya na Uganda, pamoja na bata na bata bukini. Kazi yake kubwa ya ndege wote ilitoka 1938, yeye akiwa ameshafariki. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Nasema kwamba bwana aliyetaka kuanza kuwinda bata alikuwa na kitabu, leseni, bunduki na mtoto wa kumwokotea. Baba wa mzee alikuwa na kamba. Kwa hiyo mmoja akaitwa mwindaji, mwingine akaitwa jangili.

Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja, viwanda vikaja, mji ukajaa watu wa kazi. Mwaka 1972 Idi Amin akawapa Waasia siku 90 kuondoka, na mzee akasema Jumapili zile za bunduki zikaisha. Vita vya 1979 vikaleta bunduki za aina nyingine. Wanyama wakauawa ovyo, na mwaka huo uwindaji wa starehe ukapigwa marufuku nchini.

Sheria ya leo inasema hivi kwa ufupi: mnyama na ndege wa porini wako mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi, na kuwinda bila kibali ni kosa. Sheria hiyo ilifanywa upya mwaka 2019. Katiba ya 1995 nayo imeweka vinamasi chini ya udhamini wa serikali. Lakini tangu 2001 uwindaji wa starehe ulirudishwa kwa majaribio, na mahali ulipoanzia ni kando ya Ziwa Mburo, majirani zetu hapa. Mgeni analipa, anapewa kibali, anapiga. Karatasi bado ipo, na bado haiko mfukoni mwetu.

Vijana waliporudi niliwaambia haya yote. Mmoja akasema, "Mzee, si unatufundisha basi kwamba sheria ni ya wenye pesa?" Swali zuri. Nilimjibu kwamba nimemfundisha sheria ilikotoka. Kukamatwa ni kitu kingine, na mkimbizi akikamatwa na bata mkononi, historia haitamtoa.

Kwa hiyo anayeanza, aanze hivi. Usiguse bata aliyekufa au aliyelegea. Mbali na sumu, mafua ya ndege yalifika Uganda mwaka 2017, kwenye fukwe za Ziwa Victoria. Usinunue bata wa porini wa bei rahisi barabarani. Mtu akitoka mate, jasho na kutapika baada ya kula ndege, mkimbizeni kituo cha afya na mseme ukweli mlichokula, msione aibu. Tena, kama una mahali penye maji kidogo, fuga. Mimi nina bata kumi na mmoja wa nyumbani. Wanakula pumba na mabaki, na hawahitaji karatasi.

Kwa ndugu wa mashirika: mkija kutuambia tusiharibu kinamasi, tunasikia. Ila msituambie kana kwamba sisi ndio tuliowamaliza ndege kwa mitego yetu. Na mkiweza, pamoja na semina, leteni vifaranga.

Alfajiri moja niliwapeleka vijana ziwani kuangalia tu. Niliwaonyesha upepo, na njia ambayo bata wangepita. Wakapita pale pale. Kijana mmoja ameniomba mayai sita. Mwingine bado hajaamua. Namwona jioni amesimama ukingoni, anaangalia maji.