Wageni wa Nyanza: Kutoka Ukerewe hadi Nassa

Historia ya wamisionari katika eneo la Mkoa wa Simiyu wa leo haina budi kuanzia ng'ambo ya Ghuba ya Speke, kisiwani Ukerewe. Huko, Desemba 1877, waliuawa Luteni Shergold Smith na Thomas O'Neill wa Church Missionary Society (CMS). Hawakufa kwa sababu ya mahubiri yao, bali kwa kuwa pamoja na mfanyabiashara Songoro alipogombana na mtawala Lukonge. Mwenyeji waliyemtegemea alikuwa mgeni kama wao.

Baadaye CMS ilifungua misheni Nassa, ambayo leo imo katika Wilaya ya Busega. Usukumani ardhi ilikuwa chini ya mtemi, na asiyejua Kisukuma alibaki mpita njia. Mavuno yalikawia. Mwaka 1909 Nassa ilikabidhiwa kwa Africa Inland Mission, ambayo kazi yake ilizaa Africa Inland Church Tanzania.

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mchungaji anayehamishiwa Bariadi naye hana budi kulipokea jembe hilo: kujifunza lugha ya wenyeji, kukaa nao msibani, na kuwauliza kabla ya kuwafundisha.