Katheta ya nje

Katheta ya nje ni ala laini ya silikoni au lateksi, yenye umbo la kondomu, inayovishwa kwenye uume wa mwanamume asiyeweza kuzuia mkojo, ambayo ncha yake huunganishwa na mrija unaopeleka mkojo kwenye mfuko uliofungwa mguuni au kuning'inizwa kando ya kitanda. Kwa kuwa haiingii ndani ya mwili, hutofautiana na mpira wa mkojo wa kawaida, unaopitishwa hadi kwenye kibofu na ambao ni njia inayojulikana ya vijidudu; utafiti wa Marekani ulioongozwa na Sanjay Saint na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa wagonjwa wa hospitalini waliotumia ile ya nje walipata madhara machache zaidi, hasa wasio na ugonjwa wa kusahau.

Mafanikio hutegemea zaidi kipimo cha unene wa uume, kwani ala pana huvuja na ile nyembamba huzuia damu na kujeruhi ngozi. Ngozi huoshwa na kukaushwa, govi hurudishwa mahali pake, na nafasi ya sentimita 1 hadi 2 huachwa mbele ya kichwa cha uume. Kwa kawaida ala hubadilishwa kila baada ya saa 24. Plasta ya kawaida isizungushwe kamwe kwenye uume. Mwenye mzio wa lateksi hutumia silikoni. Kifaa hiki hakimfai mgonjwa ambaye kibofu chake hakimwagi mkojo, kwa mfano kutokana na tezi dume iliyovimba, kwa sababu mkojo uliobaki unaweza kuharibu figo.