Bolti ya Mwisho Aliyoikaza Baba

Wapendwa ndugu na jamaa mliopo Birmingham, Unguja, Mombasa na Maskati,

Wengi wenu mmeniuliza habari za pikipiki ya marehemu baba, ile BSA Bantam iliyolala bandani tangu mwaka 1984, na kwa nini kuishusha injini yake kulichukua siku 11. Jibu fupi ni bolti moja. Jibu refu ndilo ninalokusudia kuliandika hapa, kwani bolti hiyo ilitoka katika viwanda vya mji huu tunaoishi, ikakazwa na mkono wa mzee wetu, na mambo hayo mawili yote yalihusika katika kukwama kwake na kutoka kwake.

Nianze na majina. Fungueni sanduku la ala za fundi yeyote wa pwani mtakuta humo wageni wetu wote wamelala pamoja. Msumari ni neno la Kiarabu. Parafujo tuliachiwa na Wareno, kama walivyotuachia meza na leso. Spana, nati na bolti zilishuka bandarini pamoja na Waingereza. Kwa hiyo babu zetu walikuwa na neno la kitu hiki muda mrefu kabla mtu wa Birmingham hajawa tajiri kwa kukiuza.

Mtu huyo alikuwapo, na alifika kwetu. Mwaka 1854 familia mbili, Nettlefold na Chamberlain, zilinunua haki ya kutumia mashine za Kimarekani za kutengeneza parafujo zenye ncha, wakajenga kiwanda Smethwick, mpakani mwa Birmingham. Kijana Joseph Chamberlain, mwenye umri wa miaka 18, aliletwa kutoka London kuangalia mali ya baba yake. Miaka 20 baadaye alijitoa kiwandani akiwa tajiri, tayari ni Meya wa mji. Tangu 1895 hadi 1903 alikuwa Waziri wa Makoloni, na mwezi wa Desemba 1902, akielekea Afrika Kusini, alishuka Mombasa akapanda reli ya Uganda. Sijui kama kuna mwanahistoria aliyewahi kuhesabu parafujo na bolti katika reli ile. Mimi ningependa kuzihesabu.

Baba aliondoka Unguja mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Mapinduzi. Alipata kazi katika kiwanda kimoja cha parafujo huko huko Smethwick, zamu ya usiku, pamoja na Wapunjabi, Wajamaika na Wayemeni waliopitia Aden. Pikipiki aliinunua mkononi mwa mtu ili arudi nyumbani alfajiri, saa ambayo mabasi hayajaanza kutembea.

Kampuni ya BSA iliundwa mwaka 1861 na mafundi bunduki wa Birmingham, ikajenga kiwanda chake Small Heath, katika barabara inayoitwa hadi leo Armoury Road. Kutoka bunduki wakaingia katika baiskeli, na mwaka 1910 wakatoa pikipiki yao ya kwanza. Usiku wa tarehe 19 Novemba 1940 ndege za Wajerumani zilikipiga kiwanda hicho kwa mabomu, wakafa wafanyakazi 53. Vita vilipokwisha, michoro ya pikipiki ndogo ya Kijerumani, DKW RT125, ilichukuliwa kuwa fidia ya vita. Wahandisi wa Small Heath waliigeuza kama sura katika kioo, kilichokuwa kushoto kikawa kulia, wakabadilisha vipimo vyake vya milimita kuwa vya inchi, na mwaka 1948 wakaiita Bantam. Wajumbe wa posta waliipanda wakipeleka simu za maandishi nchi nzima. Wajapani nao waliiga mashine ile ile kutengeneza Yamaha yao ya kwanza mwaka 1955, hata naweza kusema kwamba baadhi ya pikipiki zinazopita leo Darajani na Kisauni ni binamu wa mbali wa ile ya baba.

Hayo mabadiliko ya vipimo ndiyo yanayomtesa fundi wa leo. Mwaka 1841 Joseph Whitworth alikusanya bolti kutoka karakana mbalimbali za Uingereza, akapima hesi zake na kutoa wastani, ukawa kipimo cha kwanza cha nchi nzima. Watu wa baiskeli baadaye walitaka hesi nyembamba zaidi zisizolegea kwa mtikisiko, wakajiwekea kipimo chao. Bolti ya baiskeli yenye unene wa 5/16 ya inchi ina hesi 26 katika kila inchi, na ya Whitworth yenye unene huo huo ina 18. Nati ya moja ikilazimishwa juu ya nyingine huziharibu zote mbili. Tena spana za Whitworth huandikwa unene wa bolti, wala si upana wa kichwa chake. Spana iliyoandikwa 1/4 ina mdomo wa kiasi cha milimita 13.3. Spana ya 13 haiingii, na ya 14 inaingia, inacheza, inakula pembe sita za kichwa hadi kinakuwa duara. Bolti nyingi zinazosemekana zimekwama ziliuawa hivyo, kwa spana ya jirani yake.

Yetu ilikuwa imekwama kweli. Ni bolti ndefu ya chuma inayopita katika sikio la aluminiamu la injini na kuifunga kwenye fremu. Madini haya mawili yakikaa pamoja katika maji ya chumvi hutengeneza betri ndogo, na anayeliwa ni aluminiamu, anayegeuka unga mweupe uliovimba na kujaza tundu lote. Chuma nacho hutoa kutu inayochukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Nyumba za Mji Mkongwe huliwa na chumvi ya bahari. Birmingham iko mbali na bahari, lakini kila majira ya baridi chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu, na baba alipita juu yake kila alfajiri.

Nati ilitoka siku ya pili. Kiwiliwili cha bolti hakikusogea. Ndugu yangu mdogo alishauri tuikate kwa msumeno wa chuma kati ya fremu na injini, na shauri lake lilikuwa la maana: bolti hununuliwa, sikio la injini likipasuka hakuna wa kulirudisha. Mama ndiye aliyesema maneno yaliyotufunga mikono. Alisema hiyo ndiyo kazi ya mwisho baba aliyoifanya katika mashine ile kabla mgongo haujamzuia, na mkono wake bado umo mle. Tukakubaliana kwamba tutasubiri, ila ufa wa kwanza ukionekana tutakata bila kumwuliza mtu.

Tuliondoa tangi la petroli na kabureta, tukaitoa pikipiki nje ya banda. Kila asubuhi na jioni tulitia mafuta mepesi ya kupenya pande zote mbili, tukigonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo, kwani mtikisiko ndio unaoyafungulia mafuta njia. Siku ya sita tukaanza kupasha moto kwa mashine ya kupuliza hewa, tukililenga sikio na kuiepuka bolti. Aluminiamu kwa joto hutanuka takriban mara mbili kuliko chuma, basi tundu hukua kuliko kilichomo. Mzee mmoja wa Kiyemeni wa mtaa wetu, aliyefanya kazi ya kuyeyusha vyuma miaka mingi, alikuja na kiti chake akaketi kututazama. Alitukataza jambo moja tu, kuzungusha upande mmoja. Ikaze kidogo kwanza, alisema, kisha ilegeze, kisha ikaze tena, unga uvunjike.

Siku ya tisa ilizunguka kiasi cha upana wa ukucha. Siku ya kumi ilizunguka duara nzima ikilia kama mlango wa ghala. Tukairudishia nati ya zamani hadi usawa wa ncha, ili hesi zisipondwe, na siku ya 11 tukaigonga kwa kipande cha shaba, pigo baada ya pigo, hadi ikatoka upande wa pili ikiwa na moto.

Sikio halikupasuka. Bolti imeliwa katikati, imekuwa nyembamba kama kiuno cha nyigu, wala haifai tena kushika injini. Mpya yenye hesi 26 imeagizwa, nayo itapakwa grisi kabla ya kuingia. Ile ya zamani mama ameichukua, hakutaka isafishwe. Ameiweka katika kijaluba chake cha Unguja, pamoja na kitambulisho cha kiwandani cha baba.