Kifo cha Mkwaju na Wasikilizaji Wake

Kifo cha mtu wa hadithi hakichimbiwi kaburi wala hakisomewi hitima. Walakini huenda kikawaachia walio hai wasia mzito kuliko vifo vingi vya kweli. Katika historia ya utangazaji wa Tanzania kimo kifo cha namna hiyo. Aliyekufa aliitwa Mkwaju, dereva wa lori katika mchezo wa redio ulioitwa Twende na Wakati, na maradhi yaliyomwua yalikuwa UKIMWI. Jinsi wasikilizaji walivyokipokea kifo hicho ni sura ya historia inayostahili kuangaliwa, maana ndani yake limo swali la zamani: je, mtu husadiki habari ya mauti kwa kuambiwa, au kwa kumjua anayekufa?

Swali hilo huonekana vyema likitazamwa kutoka mahali palipo mbali na studio. Mbuchi ni kijiji cha delta ya Rufiji, ambacho leo kimo katika wilaya ya Kibiti, mkoa wa Pwani. Huko mto hugawanyika mikono mingi kabla ya kuingia baharini, mikoko husimama ndani ya maji ya chumvi, na msafiri hungoja maji yajae ndipo aondoe chombo chake. Watu wa delta hulima mpunga, huvua samaki na kamba, na hukata boriti. Mkulima hukaa dunguni kulinda shamba lake na ndege na nguruwe mwitu. Katika miaka ya 1990 gazeti lilikuwa mgeni wa nadra mahali kama hapo, na hospitali ilikuwa mbali kwa mwenye kasia na kwa mwenye tanga. Redio ya betri ilivuka mikondo yote bila nauli.

Maradhi nayo yalijua kuvuka. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983 katika mkoa wa Kagera. Watu wa huko waliyaita maradhi hayo Juliana, kwa jina la nguo za magendo zilizopendwa wakati huo. Ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, yaliitwa Silimu, kwa kuwa mgonjwa alikonda. Baadaye vijana wa Tanzania walizichukua herufi nne za jina la Kiingereza wakaziundia mzaha: Acha Iniue Dogodogo Siachi. Kila jina katika hayo lilisema jambo moja na kuficha jingine. Adabu ya Waswahili haikatazi kutaja mauti, bali huchukia kumwaibisha marehemu na jamaa zake. Kwa hiyo aghalabu ilisemwa matangani kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu; waliosikia walielewa, wakanyamaza. Ukimya huo ulikuwa heshima kwa aliyezikwa, lakini ulikuwa hatari kwa waliorudi kutoka makaburini.

Mmoja wa watu wa kwanza mashuhuri kuuvunja ukimya huo katika Afrika ya Mashariki alikuwa Philly Bongoley Lutaaya, mwimbaji wa Uganda aliyekuwa akiishi Sweden. Mwaka 1989 alitangaza hadharani kwamba ana UKIMWI. Sifa yake ilikuwa kubwa. Nyimbo zake za Krismasi zilipendwa, na hata leo husikika Uganda kila ufikapo mwezi wa Desemba. Lakini watu wengi hawakumsadiki. Walimwona angali ana nguvu, wakasema kwamba anatafuta njia ya kuuza santuri zake. Lutaaya alizunguka mashuleni na makanisani akisema yaliyompata, huku mwili wake ukipungua mbele ya macho ya wote. Alifariki tarehe 15 Desemba 1989, siku kumi kabla ya sikukuu ambayo nyimbo zake ziliipamba. Mtu wa kweli, mwenye maradhi ya kweli, ilimbidi afe ili maneno yake yaonekane kuwa kweli.

Mtu wa kubuni hakupatwa na mkasa huo. Mnamo Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kutangaza Twende na Wakati, kwa msaada wa Mfuko wa Umoja wa Mataifa wa Idadi ya Watu na wa shirika la Population Communications International. Mchezo ulisikika mara mbili kwa juma, nusu saa kila mara. Ulitungwa kwa kufuata njia ya Miguel Sabido, mtayarishaji wa michezo ya televisheni wa Mexico: pawepo watu wa kuigwa, watu wa kuepukwa, na baina yao watu wanaosita na kujifunza. Mkwaju alikuwa wa kuepukwa; alikuwa na mke nyumbani na wapenzi njiani. Mkewe, Tunu, alikuwa miongoni mwa wanaosita. Alianza kwa kuvumilia, akaendelea kwa kuhofu, hata akajipatia biashara ndogo ya kumlisha na akatengana na mumewe. Mkwaju aliambukizwa, akaugua, akafa.

Msikilizaji wa delta hakuhitaji kuelezwa dereva wa lori ni mtu gani. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, malori ya kwenda Lindi na Mtwara yalivushwa mto Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, na mto ulipofurika yaliweza kungoja siku kadha wa kadha. Dereva mwenye fedha mfukoni, asiye na kazi ila kungoja, alikuwa sura iliyozoeleka kwa kila aliyepeleka samaki Kibiti au Ikwiriri. Sauti iliyotoka redioni ilimkuta msikilizaji akiwa na uso wa kuivisha.

Hapo ndipo ilipo tofauti baina ya Lutaaya na Mkwaju. Lutaaya alileta habari yake siku moja, na watu wakaipima kama wanavyopima neno la mtu mkubwa: kwa kuuliza ana faida gani nalo. Mkwaju hakuleta habari yoyote. Wasikilizaji walikaa naye miezi mingi. Walimsikia akicheka, akidanganya, akiondoka nyumbani na kurudi. Ugonjwa ulipomfikia, wao walikuwa wamekwisha kuujua mbele yake, wakaungoja. Hapakuwa na mtu wa kumtuhumu kwamba anauza kitu. Kadhalika hapakuwa na ukoo wa kuaibika, kwa kuwa mtu wa hadithi hana mjomba wala shangazi kijijini. Yaliyokatazwa na adabu kusemwa juu ya jirani yaliruhusiwa kusemwa juu yake.

Basi watu wakasema. Jina lake lilitoka redioni likaingia vinywani, na mwanamume asiyetulia akaitwa Mkwaju. Mke aliyeona haya kumwambia mumewe neno la kondomu aliweza kumwuliza kama amesikia ya Mkwaju. Kiswahili kilipata tafsida mpya, na tafsida hii, kinyume cha zile za kwanza, ilifunua.

Ushahidi wa mambo hayo ulikusanywa kwa namna isiyo ya kawaida. Mtambo wa Dodoma haukuurusha mchezo huo kuanzia 1993 hadi 1995. Saa hizo ulitangaza vipindi vingine, ili watafiti walinganishe waliosikia na wasiosikia. Watu waliulizwa kila mwaka kuanzia 1993 hadi 1997, na matokeo yakachapishwa mwaka 2000 na Peter Vaughan, Everett Rogers, Arvind Singhal na Ramadhan Swalehe. Katika sehemu zilizosikia mchezo, watu walisema kwamba wamepunguza idadi ya wapenzi, na matumizi ya kondomu yaliongezeka. Watafiti walitaja pia sababu zilizopita katikati: msikilizaji kujiona kwamba naye yumo hatarini, kujiona ana uwezo wa kujikinga, kujilinganisha na watu wa mchezo, na kuzungumza na wenzake.

Elimu hiyo ilikuwa na bei yake. Kama mchezo ulikuwa kinga, basi watu wa Dodoma walicheleweshewa kinga miaka miwili ili ijulikane kwamba ni kinga. Yawezekana kujibu kwamba mwaka 1993 hapakuwa na aliyejua kwa hakika kama mchezo utafaa, na kwamba Dodoma nayo ilikuwa na mafundisho mengine ya afya. Jibu hilo lina haki. Lakini halilifuti swali, nalo hubaki mbele ya kila atakayefanya uchunguzi wa namna hiyo.

Ipo kasoro ya pili, nayo imo katika jina lenyewe. Mkwaju ni mti wa ukwaju, na fimbo pia huitwa mkwaju. Jina lililowafungua midomo waliokuwa wazima liliweza kumchapa aliyekwisha kuugua. Mchezo uliofundisha kwamba uasherati huleta maradhi uliweza kumfanya msikilizaji adhani kwamba kila mwenye maradhi ni mwasherati. Na mke mwaminifu aliyeambukizwa ndani ya nyumba yake angeitwaje? Kisa cha Tunu kilimpa mwanamke mfano wa kujiokoa mapema. Waliochelewa hawakupata faraja kubwa kwake.

Mambo hayo ni ya wakati wake. Mwaka 2004 serikali ilianza kutoa bure dawa za kupunguza makali ya virusi, na tangu hapo mgonjwa azipataye na kuzifuata huweza kuishi, kulima na kulea. Mkwaju alitungwa katika miaka ambayo hadithi ya ukweli haikuweza kuwa na mwisho mwingine. Hata dola ilichukua muda kuutamka msiba huo kwa uzito wake: tarehe 31 Desemba 1999, nchi ikiwa katika mkesha wa mwaka mpya, Rais Benjamin Mkapa aliutangaza UKIMWI kuwa janga la taifa. Usiku ule wa sikukuu neno hilo lilikuwa zito, lakini halikuwa geni. Mkulima wa Mbuchi aliyekuwa na redio dunguni mwake alikuwa amekwisha kupita katika msiba mmoja wa maradhi hayo, ambao jina la marehemu liliruhusiwa kutajwa.