Shaba ya Town, Chuma cha Mtaani

Jina Kariokor halikutoka kwa nyama choma. Ni "Carrier Corps" kwa matamshi yetu: wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Mwingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mtaa ulibaki na jina, sanamu ikaenda town. Tangu 1928 mpagazi, askari na Mwarabu mwenye bunduki wamesimama Kenyatta Avenue, kazi ya James Alexander Stevenson. Dedan Kimathi, aliyenyongwa 1957, alingoja hadi 2007 ndipo ile ya Kevin Oduor ikazinduliwa.

Zote mbili ni za shaba nyeusi, na hiyo si bahati. Shaba ikichanganywa na madini ya bati hujitengenezea ngozi: hewa na mvua huila juujuu, kisha ile ngozi inazuia isiliwe ndani haraka. Ipake nta mara kwa mara, imetosha.

Sasa teremka Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali wa makarai na masanduku ya shule. Huku malighafi ni chuma cha kawaida, na kutu yake haina adabu. Inavimba, inabanduka, inafungulia maji njia mpya. Kuna wasee hupenda ile rangi ya kutu, wanakuonyesha Picasso ya Chicago ya 1967. Sawa, lakini ile ni chuma maalum chenye shaba kidogo ndani. Pipa la mafuta halina hiyo tabia.

Mabati yana zinki, ambayo hukubali kuliwa kwanza ili chuma kipone. Shida ni moto: ukichomelea, zinki inaungua (moshi wake usiuvute), na ndege wako anaanza kuoza shingoni.

Redi oksaidi ya dukani? Ule wekundu wake ni oksaidi ya chuma, karibu ndugu wa kutu yenyewe. Inasaidia, lakini peke yake nje haikai. Kwa sanamu ya mtaani mimi ningesugua chuma hadi king'ae, nipake praima yenye zinki, halafu epoksi, kisha rangi ya poliurethani juu, kwa sababu jua huifanya epoksi kuwa chokaa. Ni gharama, najua. Wapagazi wa Kariokor wakichongwa leo, hela za shaba hazitatoka mtaani, kwa hivyo hesabu ni hii ya rangi.

Na toboa mashimo chini, kwenye nyayo. Maji yakikosa pa kutokea, hakuna rangi itakayokuokoa.